Kalamu Ibaki Mkononi Mwake

Somo: Wagalatia 6:1–5

Wewe uliye jikoni, wewe uliye shambani na redio yako chini ya mti, wewe uliye safarini ndani ya matatu, na wewe uliyelala kitandani kwa ugonjwa, karibu tuketi pamoja kwa dakika chache.

Leo nitasema habari za hesabu. Tafadhali usizime redio! Najua wako watu wazima ambao wakisikia neno hesabu hukumbuka fimbo kuliko kitu kingine chochote. Lakini labda nyumbani mwako yuko mtoto, ama mjukuu, ambaye jioni hufungua daftari, akatazama ukurasa wenye herufi na tarakimu zilizochanganyika, kisha akalifunga na kusema, "Mimi sikuumbiwa hesabu."

Ndugu yangu, neno hilo ni zito. Mtoto akilisema mara nyingi mwishowe hulisadiki. Akilisadiki huacha kujaribu. Na akiacha kujaribu, milango hufungwa mbele yake mmoja baada ya mwingine: uuguzi, ufundi wa umeme, ujenzi, uhasibu, hata kazi ya kupima dawa ya mifugo. Tena neno hilo si la kweli. Mungu hakumwandikia mtoto huyo kwamba asijue hesabu. Mara nyingi alikwama mahali padogo tu, akaona haya kuuliza, na hapakuwa na mtu wa kuketi naye.

Hesabu inayowakwaza wengi ni ile iitwayo aljebra. Siku hizi watoto wetu huikuta waziwazi katika Gredi ya 7, na wazazi wao waliosoma katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 waliikuta pia. Wengi husema, "Nimezoea kuhesabu ng'ombe na shilingi, sasa hii x imetoka wapi?" Basi hebu twende sokoni tuone.

Mfikirie mama auzaye maharagwe katika soko la Machakos, mwenye mizani ya zamani yenye sahani mbili. Kwenye sahani moja ameweka mifuko mitatu ya maharagwe, yote ya uzito mmoja, lakini hajui kila mmoja una kilo ngapi. Pamoja na mifuko hiyo ameweka mawe ya mizani ya kilo 7. Kwenye sahani ya pili ameweka mawe ya kilo 22. Mizani imesimama sawa, haikuinama huku wala huku. Je, kila mfuko una kilo ngapi?

Hiyo ndiyo aljebra. Mwalimu huandika ubaoni: 3x + 7 = 22. Herufi x ni jina tu la kitu tusichokijua bado, yaani uzito wa mfuko mmoja. Alama ya sawasawa ndiyo mizani yenyewe. Wataalamu wa Kiswahili huiita hesabu ya namna hii mlinganyo, kwa sababu pande zake mbili hulingana.

Sasa, mama akiondoa zile kilo 7 upande mmoja tu, mizani itainama. Haki imeharibika. Basi aondoe kilo 7 upande wa pili pia. Imebaki mifuko mitatu upande huu, na kilo 15 upande ule. Agawanye 15 kwa 3. Kila mfuko ni kilo 5. Je, ni kweli? Arudi apime: 5 mara 3 ni 15, ongeza 7, ni 22. Naam, mizani imesimama. Ni hayo tu. Jambo unalofanya upande huu, ulifanye na upande ule, kisha urudi upime.

Jina lenyewe la aljebra lina historia. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, aliishi mtaalamu aitwaye Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu juu ya al-jabr na al-muqabala. Neno hilo la pili sisi Waswahili tunalijua, maana ndilo lililotupa "mkabala", yaani kitu kuelekeana na kingine. Na al-jabr maana yake ni kurudisha kilichopungua, kuunga kilichovunjika. Neno hilohilo lilitumika kwa kuunga mifupa, na huko Hispania zamani mwunga mifupa aliitwa algebrista. Al-Khwarizmi hakutumia x wala alama zetu za leo. Alieleza kila kitu kwa maneno. Alisema hesabu hiyo itawafaa watu katika mirathi, biashara, kupima mashamba na kuchimba mifereji. Kwa hiyo aljebra tangu mwanzo ilikuwa chombo cha kuwasaidia majirani waishi kwa haki, haikuletwa ili kuwaaibisha watoto.

Sasa nataka uangalie jinsi mtoto anavyokwama, na jinsi anavyokwamuliwa.

Siku moja ya likizo niliwakuta wanafunzi watatu wameketi kwenye benchi nje ya kanisa, daftari magotini. Msichana mmoja alikuwa na hesabu kama hii yetu ya 3x + 7 = 22. Alikuwa ameandika 3x = 15, vizuri kabisa. Halafu chini yake akaandika x = 12. Mvulana aliyekuwa kando yake alicheka, akanyosha mkono achukue kalamu amwandikie jibu. Lakini msichana wa tatu alimzuia. Akamwambia mwenzake, "Hebu tuambie, hiyo 12 umeipataje?"

Akajibu, "Ile 7 ilivuka ikawa kutoa 7. Basi na 3 imevuka ikawa kutoa 3. Kumi na tano kutoa tatu ni kumi na mbili."

Yule rafiki hakumwambia kwamba amekosea. Alisema, "Hata mimi nilikuwa nafanya hivyo. Sasa rudisha hiyo 12 mahali pa x tuone."

Akaandika: 3 mara 12 ni 36, ongeza 7, ikawa 43. Akaitazama ile 22. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema polepole, "Kumbe 3x si tatu na x. Ni x tatu." Akafuta mwenyewe, akagawanya 15 kwa 3, akapata 5, akapima, ikawa 22. Hakuna aliyempigia makofi. Aligeuza ukurasa akaendelea na hesabu ya pili.

Msikilizaji, hapo kuna mafundisho matatu.

La kwanza, aliyemsaidia alikuwa amevuka mto uleule juzijuzi. Sisi tuliovuka miaka mingi iliyopita tumesahau mawe ya utelezi yako wapi. Mwalimu aliyefundisha miaka 20 huona jibu mara moja, na huenda hakumbuki tena kwamba mtoto anaweza kuisoma 3x kana kwamba ni 3 + x. Lakini mwanafunzi mwenzake anakumbuka, kwa kuwa jeraha bado ni bichi. Kule kusema "hata mimi nilikuwa nafanya hivyo" kulimwondolea mwenzake haya, na haya ikiondoka akili hufunguka.

La pili, hakumpa jibu. Alimwuliza njia aliyopita. Wanafunzi wengi hufundishana kanuni ya kuvuka: namba ikivuka alama ya sawasawa hubadilika. Kanuni hiyo hufaa siku moja na kupoteza siku ya pili, kama tulivyoona. Hakuna namba inayovuka mahali popote. Tuliondoa 7 pande zote mbili, kisha tukagawanya kwa 3 pande zote mbili. Mtoto akijua sababu, hata hesabu ikibadilishwa sura hatapotea. Akijua kanuni tu, atapotea mara mwalimu atakapoigeuza.

La tatu, mwamuzi hakuwa rafiki. Mwamuzi alikuwa ile 43 iliyokataa kuwa 22. Hii ndiyo baraka ya aljebra. Jibu likirudishwa mahali pake, hesabu yenyewe husema kama ni kweli au si kweli. Hapo mwenye sauti kubwa hashindi, wala aliyekuwa wa kwanza darasani hashindi kwa sababu ya nafasi yake. Wote watatu huinama mbele ya ukweli mmoja. Laiti na vikao vyetu vingi vingekuwa hivyo!

Sasa tufungue Maandiko. Katika somo letu Mtume Paulo anasema mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa kwanza yanapingana. Katika mstari wa 2 anatuagiza tusaidiane kubeba mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu ana mzigo wake wa kubeba mwenyewe. Je, Paulo amejisahau katikati ya mistari mitatu? Hasha. Katika Kiyunani alitumia maneno mawili tofauti. Katika mstari wa 2 ni baros, yaani uzito unaomlemea mtu mpaka akaanguka. Katika mstari wa 5 ni phortion, yaani furushi la kila msafiri, lile linalompasa kulichukua mwenyewe. Basi hekima ya Kikristo ni kutofautisha hayo mawili. Mwondolee ndugu yako ule uzito unaomponda, lakini usimnyang'anye furushi lake.

Kwa mwanafunzi, uzito unaomponda ni haya, upweke, na kutojua mahali alipokosea. Hayo tuyabebe pamoja naye. Lakini kufikiri ni furushi lake. Siku ya mtihani hakuna rafiki atakayeketi ndani yake. Kwa hiyo yule mvulana aliyenyosha mkono achukue kalamu hakuwa na nia mbaya, bali alitaka kubeba mzigo usiomhusu. Angemwachia mwenzake jibu sahihi katika daftari na giza lilelile katika akili. Mwunga mifupa huunyosha mguu na kuufunga banzi, lakini mgonjwa mwenyewe ndiye atakayekanyaga chini.

Hili si jambo geni kwetu hapa Machakos. Wazee wetu Wakamba walituachia mwethya. Mtu akiwa na kazi iliyomshinda, aliwaita majirani, nao wakaja na majembe yao, na zamu yao ilipofika yeye naye akaenda. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni walivitazama vilima vyetu vilivyochimbwa na mvua, wakaona nchi inaharibika. Lakini mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos, wakaonyesha kwamba watu wameongezeka sana tangu wakati huo, na hata hivyo udongo umehifadhiwa vizuri zaidi. Matuta tunayoyaona vilimani mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, na akina mama walikuwa mstari wa mbele. Lakini angalia jambo moja. Katika mwethya mwenye shamba hakai kivulini akatazama wageni wakilima. Yeye hulima pamoja nao, na kesho wakienda zao, kulitunza tuta ni kazi yake.

Watoto wetu wanaweza kufanya mwethya wa hesabu.

Labda mzazi mmoja ataniambia, "Mchungaji, mwanangu ni hodari. Akiketi na hao wanyonge atapoteza wakati wake, nao watampita." Nakujibu kwa habari ya kweli kutoka Marekani. Katika miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kilicho Berkeley, mwalimu wa hesabu Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka katika hesabu, hali wenzao wa asili ya Kichina walifaulu. Watu walidhani hawajitahidi, au wazazi wao hawajali elimu. Treisman aliwafuata wanafunzi 20 wa kundi hili na 20 wa kundi lile, akaona jinsi wanavyosoma. Hakukuta uvivu, na wazazi walijali sana. Tofauti moja kubwa aliyoiona ni hii: wanafunzi weusi walisoma kwa bidii, lakini kila mtu peke yake chumbani mwake. Wale wa asili ya Kichina walijaribu kwanza peke yao, kisha wakakutana, wakalinganisha kazi na kuulizana. Treisman akaanzisha mikutano ya kufanya hesabu ngumu pamoja, na waliohudhuria walifaulu vizuri zaidi.

Basi mzazi mpendwa, mtoto wako hodari hapotezi kitu. Anapoulizwa, "Kwa nini unaondoa 7 pande zote mbili?" ndipo agundue kama analijua jambo hilo au amelikariri tu. Mtu akimweleza mwenzake, hujieleza na yeye mwenyewe. Taa iliyowasha taa nyingine haikupungua mwanga.

Lakini nitoe na onyo. Bwana Yesu alisema juu ya kipofu anayemwongoza kipofu, jinsi wote wawili wanavyoishia shimoni. Wanafunzi wakikutana bila kupima majibu yao, wataambukizana makosa. Na wakikutana ili mmoja aandike na wengine wanakili, huo si msaada, ni wizi wenye tabasamu. Kwa hiyo nawapa vijana utaratibu rahisi.

Kila mmoja ajaribu hesabu peke yake kwanza, hata kama ni kwa dakika 10 tu, na aandike kila hatua bila kuficha. Kisha mkutane watu watatu au wanne. Aliyekwama asome hatua zake kwa sauti. Mwenye kusaidia aulize, asihubiri. Na kalamu ibaki mkononi mwa aliyekwama. Jibu likipatikana, lirudishwe mahali pa x na kupimwa. Likikataa, rudini pamoja mtafute hatua iliyopotoka. Na mkishindwa wote, msikate tamaa. Mpelekeeni mwalimu swali hilo, mkamwonyeshe ni hatua ipi iliyowashinda. Mwalimu hufurahi kuulizwa hivyo, maana mtoto asemaye "sielewi kitu" ni vigumu kumsaidia, lakini asemaye "sielewi kwa nini tumegawanya hapa" amekwisha kufika nusu ya njia.

Na tunapomrekebisha mwenzetu, tukumbuke habari ya Apolo katika Matendo ya Mitume sura ya 18. Alikuwa msemaji hodari, mwenye elimu ya Maandiko, lakini maarifa yake yalipungua mahali fulani. Prisila na Akila, waliokuwa washona mahema, walimsikia. Hawakusimama katika sinagogi kumwumbua. Walimchukua kwao, wakamweleza taratibu. Naye Apolo, pamoja na ufasaha wake wote, alikubali kufundishwa na mafundi. Hapo kuna neema mbili: neema ya kurekebisha bila kuaibisha, na neema ya kurekebishwa bila kukasirika. Kijana akijifunza neema hizo mbili juu ya hesabu ya 3x + 7, zitamfaa katika ndoa yake, katika kazi yake, na katika baraza la kanisa.

Neno la mwisho ni kwetu sisi washiriki. Makanisa yetu mengi yana ukumbi ambao hukaa mtupu tangu Jumapili hadi Jumapili. Yako mabenchi. Ubao mmoja na vipande vya chaki si gharama kubwa. Katika kila kanisa wako vijana waliomaliza Kidato cha Nne wanaosubiri la kufanya, na walimu waliostaafu wenye subira. Je, tukifungua mlango Jumamosi alasiri, watoto wa mtaa mzima wakaja, wa kanisa letu na wasio wa kanisa letu, tutapungukiwa na nini? Yule mtoto anayesema "sikuumbiwa hesabu" hahitaji tumwambie kwamba yeye ni hodari. Anahitaji mtu mmoja wa rika lake amwulize, "Hiyo 12 umeipataje?" na amngoje mpaka ajibu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyeiweka dunia yako kwa kipimo na kwa haki, tunakuletea watoto wanaofunga daftari jioni kwa huzuni. Uwape rafiki mwenye subira. Wenye kujua uwaondolee kiburi na choyo, na wasiojua uwaondolee haya. Utufundishe kubebeana yanayotulemea, na kumwachia kila mtu heshima ya kuchukua furushi lake. Tunaomba hayo katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako.